Waldersbach: Bonde la Mawe na Watu Wake

Watalii wengi wanaokwenda Alsace huishia kwenye vijiji vya mizabibu. Hupita Riquewihr na Eguisheim, wakapiga picha nyumba za mbao zilizopakwa rangi, wakaonja divai nyeupe, kisha hurudi Colmar au Strasbourg wakiamini kwamba Alsace yote iko hivyo. Waldersbach haimo katika ziara hiyo. Pale hakuoti mzabibu hata mmoja. Ni kijiji chenye wakazi wasiofika 200, kilichojibanza katika kibonde cha pembeni ya mto Bruche, kilomita 50 na kitu kusini-magharibi mwa Strasbourg, ndani kabisa ya milima ya Vosges. Kina kanisa dogo la Kilutheri, nyumba ya mchungaji iliyogeuzwa makumbusho, nyumba za mawe za wakulima, malisho na msitu. Basi.

Hata hivyo, katika historia ya malezi na elimu ya watoto wadogo, sijui kijiji kingine cha ukubwa huo barani Ulaya kilichoacha alama kubwa kama hiki. Na karibu kila kinachoandikwa juu yake huanza na kuishia kwa mtu mmoja: mchungaji Jean-Frédéric Oberlin, aliyefika hapo mwaka 1767 akakaa hadi alipofariki mwaka 1826. Ninamheshimu sana Oberlin. Lakini kadiri ninavyosoma habari za bonde hili ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunamwelewa vibaya kwa sababu tunamtazama peke yake. Habari za Waldersbach zinapaswa kuanzia chini, kwenye udongo, njia na misitu. Zifuate wanawake wa vijiji vyake. Mchungaji aje baada ya hapo.

Kwanza ardhi. Alsace imepangika kwa ngazi tatu. Chini kabisa ni uwanda wa mto Rhine, wenye udongo mnene wa rutuba unaostawisha ngano, mahindi na kabichi. Juu yake ni vilima vya mizabibu vinavyotazama mashariki. Ngazi ya tatu ni Vosges yenyewe, na humo ndimo ilimo Waldersbach. Mto Bruche unaanzia karibu na Saales, unateremka kuelekea kaskazini-mashariki hadi kukutana na mto Ill jirani na Strasbourg. Upande wake wa mashariki umesimama mlima Champ du Feu, mita 1,099, mrefu kuliko yote katika Bas-Rhin. Kati ya mlima huo na mto kuna vibonde vyembamba vyenye miteremko mikali, na kimojawapo ni cha kijito cha Chirgoutte, kinachopita Waldersbach kikielekea Fouday.

Chini ya nyasi za hapo kuna itale. Itale ikimomonyoka hutoa udongo wa mchangamchanga, mwembamba na wenye uchachu, ambao mvua ya milimani huuchukua kirahisi kama haujashikwa na mizizi. Majira ya baridi ni marefu na theluji hukaa. Ngano inayokomaa vizuri kule uwandani huku juu haina uhakika. Kilichowezekana kwa karne nyingi ni rai, shayiri, mifugo michache na kuni. Eneo zima, lenye vijiji vinane, kwa Kifaransa huitwa Ban de la Roche na kwa Kijerumani Steintal, bonde la mawe. Watu wa usharika wa Waldersbach walikaa katika vijiji vitano kati ya hivyo: Waldersbach yenyewe, Fouday, Solbach, Belmont na Bellefosse. Vitatu vilivyobaki, yaani Rothau, Neuviller na Wildersbach, vilikuwa usharika wa pili.

Ardhi duni haikuwaepusha na mabwana. Juu ya Bellefosse bado yapo magofu ya ngome ya La Roche, iliyobomolewa mwaka 1469. Mwaka 1584 eneo lilinunuliwa na Georg Johann, mtawala wa Veldenz, mtu mwenye mipango mikubwa na madeni makubwa zaidi. Yeye hakufuata rai ya wakulima. Alifuata chuma cha Rothau, maji ya kuzungushia mitambo ya viwanda vya kufulia chuma, na misitu ya kuchomea mkaa. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao msomaji wa Afrika Mashariki ataufahamu bila kufafanuliwa sana: msitu ni wa nani? Mwanakijiji aliuona kuwa ni kuni, mbao za nyumba na malisho ya ng'ombe wake. Bwana aliuona kuwa ni mkaa wa tanuru. Kesi kati ya wanavijiji na mabwana wao ilivutana kwa miongo mingi, ikirithiwa na watoto na wajukuu, na haikumalizika hadi mwaka 1813.

Karne ya 17 ilikuwa ya balaa. Karibu na mwaka 1620 makumi ya watu wa Ban de la Roche waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Hawajapumua, Vita vya Miaka Thelathini vikawafikia, vikaacha mashamba yamerudi pori na nyumba hazina watu. Vita vilipokwisha mwaka 1648, sehemu ya waliokuja kujaza pengo walitoka Uswisi na upande wa Montbéliard. Kwa hiyo hata wale tunaowaita wenyeji wa milima hii, wengi wao ni wajukuu wa wahamiaji.

Kutokana na historia hiyo bonde likawa kisiwa mara mbili. Kwa dini, walikuwa Walutheri, kwa sababu watawala wao waliingia katika Matengenezo ya Kanisa, ilhali majirani zao wa Schirmeck na nchi ya Salm walikuwa Wakatoliki. Kwa lugha, walisema lahaja ya jamii ya Kifaransa iliyo karibu na ile ya Lorraine, ilhali Walutheri wenzao wa Strasbourg walisema Kijerumani cha Alsace. Mkulima wa Bellefosse alielewana kwa maneno na jirani asiyeweza kusali naye, na yule aliyesali naye hawakuelewana kwa maneno. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wanaosimulia habari za Waldersbach hulipita haraka, na bila hilo huwezi kuelewa kwa nini mchungaji aliyetoka mjini aliuona usharika huo kama adhabu, wala kwa nini shule ilikuwa suala la kufa na kupona. Mtoto wa hapo hakuwa na lugha ya kumtoa nje ya bonde lake.

Kabla ya Oberlin alikuwepo Jean-Georges Stuber. Alifika mara ya kwanza mwaka 1750, akaondoka, akarudi mwaka 1760, na kukaa hadi 1767. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu siku zake za mwanzo. Aliomba kuonyeshwa shule, akapelekwa kwenye kibanda chenye watoto waliorundikana na mzee mmoja amejilaza kitandani. Alipouliza mwalimu anafundisha nini, mzee akajibu kwamba hafundishi kitu, maana hajui kitu; zamani alikuwa akichunga nguruwe wa kijiji, na alipoishiwa nguvu akapewa watoto. Kama mambo yalikwenda hivyo neno kwa neno, siapi. Yaliyofuata yana ushahidi: Stuber alitunga njia ya kufundishia kusoma, akaleta vitabu, akaanzisha maktaba ya kuazimisha. Oberlin alirithi usharika uliokwisha anza kusoma, na yeye mwenyewe hakuacha kumtaja mtangulizi wake.

Oberlin alifika mwezi Machi 1767, kijana wa miaka 26, mtoto wa mwalimu wa Strasbourg. Alichokabiliana nacho kwanza ni njia. Kutoka vijijini hadi barabara ya kwenda Strasbourg kulikuwa na vijia vya miteremkoni vilivyoharibika kila mvua, na mto Bruche wa kuvuka bila daraja la maana. Ziada ya shambani haikufika sokoni, na jembe lililovunjika lilimpotezea mkulima siku nzima kwenda kulitengeneza. Akawaambia washarika wajenge barabara wenyewe. Wakakataa, na mimi siwalaumu. Watu waliozoea kufanyishwa kazi za bure na bwana hawana sababu ya kushangilia kazi nyingine ya bure, hata ikitangazwa na mchungaji. Ndipo alipotwaa sululu akaenda kuchimba mwenyewe, na polepole wakamfuata. Mawe yalipasuliwa, kuta za kuzuia udongo zikajengwa, na juu ya Bruche huko Fouday likawekwa daraja ambalo hadi leo linaitwa Pont de Charité, Daraja la Upendo.

Kisa cha sululu kimechorwa na kusimuliwa hadi kimechosha. Mimi nakipenda zaidi cha bustani. Viazi mviringo vilikuwa vimekwisha fika bondeni, lakini mbegu ilikuwa imechoka na mazao yamepungua. Wakulima hawakumwamini mtu wa mjini aliyewafundisha kilimo, na walikuwa na haki. Oberlin hakuendelea kuhubiri juu ya mbolea. Alichagua kipande cha ardhi yake kilichopitiwa na vijia ambavyo wanakijiji walipita kila siku kwenda mashambani, akakitifua, akakitia samadi, akapanda miche ya miti ya matunda. Watu wakawa wanapita, wanatazama. Miche iliposhika, wakaanza kusimama kuuliza. Wakapewa vikonyo na kufundishwa kubebesha. Viazi vikaletewa mbegu mpya. Majani ya ng'ombe yakaboreshwa kwa kupanda klova. Kila takataka inayooza, tangu majani hadi matambara, ikaelekezwa kwenye lundo la mboji. Kwenye udongo wa itale, mboji haina mbadala. Kijana aliyetaka kupata kipaimara alitakiwa kwanza awe amepanda miti. Baadaye viazi vya Steintal vilikuwa na jina zuri katika soko la Strasbourg.

Yeyote aliyefanya kazi ya ugani anajua uzito wa somo hilo la bustani iliyo njiani. Shamba darasa halikubuniwa na miradi ya wafadhili wa juzi.

Sasa nifike kwa wanawake, kwa sababu hapa ndipo masimulizi ya kawaida yanapopotoka kabisa. Watu wazima wa Waldersbach walikuwa shambani mchana kutwa, na watoto wa umri wa kabla ya shule wakibaki wakizurura. Alikuwepo msichana mmoja wa bondeni, Sara Banzet, aliyezaliwa mwaka 1745. Kwa hiari yake alianza kuwakusanya watoto na kuwafundisha kufuma. Baba yake hakupendezwa na kazi isiyo na malipo. Oberlin aliposikia, alimwendea mzazi, akamshawishi, na mwaka 1769 Sara akaajiriwa rasmi. Tazama mpangilio wa matukio: msichana ndiye aliyetangulia, mchungaji akamfuata. Alichoongeza Oberlin na mkewe, Madeleine-Salomé Witter, ni mishahara, mpango na kuieneza kazi hiyo katika vijiji vingine.

Vyumba hivyo viliitwa kwa Kifaransa poêles à tricoter, yaani vyumba vya kufumia vyenye jiko la kuota moto. Ingia ndani kidogo. Ni chumba kikubwa cha nyumba ya mkulima, pekee chenye joto wakati theluji imeziba njia. Watoto wameketi kumzunguka mlezi, wakubwa kidogo wana sindano na uzi, wadogo zaidi wanacheza. Mlezi anawaonyesha picha ya mnyama, anamtaja, wanarudia jina. Halafu anawaonyesha mmea mkavu uliobandikwa kwenye karatasi. Kiangazi kikifika watautafuta mmea huohuo malishoni, na kuujua kama ni dawa au ni sumu. Kisha ramani. Na ramani ya kwanza haikuwa ya Ufaransa wala ya Nchi Takatifu. Ilikuwa ya kijiji chao: kanisa liko hapa, kijito kinapita hapa, kwetu ni hapa. Baada ya kijiji lilifuata bonde, mkoa, nchi, ndipo dunia. Katika makumbusho ya Waldersbach, ambayo yako katika nyumba ya mchungaji iliyojengwa mwaka 1787, vimehifadhiwa vifaa vya elimu vya namna hiyo: mimea iliyokaushwa, mawe, ramani na michezo.

Kufuma kwenyewe hakukuwa kitu cha kupitishia muda. Soksi iliuzika. Katika bonde ambalo fedha taslimu zilikuwa adimu, mtoto aliyejua kufuma alileta senti nyumbani, na mzazi aliyeona senti hizo hakumzuia mtoto kwenda. Ninaona hiyo ndiyo siri ya vyumba hivyo kudumu. Kuna watakaosema huo ulikuwa utumikishaji wa watoto, na swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba tuulinganishe na kilichokuwepo: mtoto yuleyule angekuwa anachunga peke yake kwenye baridi, bila kujua kusoma wala kufuma.

Sara alifariki mwaka 1774, hajafikisha miaka 30. Kazi haikufa, kwa sababu walikwishapatikana wengine, na kati yao aliyejulikana zaidi ni Louise Scheppler wa Bellefosse. Alizaliwa mwaka 1763, akaingia nyumbani kwa Oberlin kufanya kazi akiwa bado binti mdogo, na mke wa Oberlin alipofariki mwaka 1783, Louise ndiye aliyelea watoto wa nyumba ile huku akiendelea kulea watoto wa bonde zima. Mwaka 1793 alimwandikia mchungaji akimwomba asimlipe tena mshahara, amhesabu kama binti wa nyumbani. Mwaka 1829, Oberlin akiwa amekwisha fariki, Akademia ya Ufaransa ilimtunuku Louise tuzo ya Montyon ya faranga 5,000. Linganisha tarehe: Friedrich Fröbel alifungua taasisi yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837. Robert Owen alifungua ya kwake New Lanark mwaka 1816. Wanawake wa Ban de la Roche walikuwa wamewatangulia wote wawili kwa zaidi ya miaka 40.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama, nayo isemwe. Lugha ya vyumba vya kufumia ilikuwa Kifaransa sanifu. Watoto walifundishwa kuacha lahaja ya nyumbani. Mwaka 1794 Bunge la Mapinduzi ya Ufaransa mjini Paris lilimtaja Oberlin kwa heshima kwa kueneza Kifaransa, wakati uleule ambapo wachungaji na mapadre wengi walikuwa hatarini, na yeye mwenyewe alikuwa amekamatwa na kuachiliwa mwaka huohuo. Na hapa familia moja inatuonyesha pande zote mbili za shilingi. Kaka yake mchungaji, Jérémie-Jacques Oberlin, msomi wa Strasbourg, mwaka 1775 alichapisha kitabu juu ya lahaja ya eneo la Ban de la Roche, mojawapo ya tafiti za mwanzo kabisa za lahaja nchini Ufaransa. Mmoja alikuwa akiandika maneno ya wazee ili yasipotee, mwingine akiwafundisha wajukuu wasiyatumie. Sioni sababu ya kumhukumu yeyote kati yao. Mtoto wa Belmont alihitaji lugha ya kuombea kazi na kusomea mkataba. Lakini lahaja ile ilififia, na leo anayetaka kuisikia ilivyokuwa ataitafuta zaidi vitabuni kuliko midomoni.

Tusimfanye Oberlin malaika pia. Alikuwa mtu wa maono, mwenye kusoma maandishi ya Swedenborg juu ya ulimwengu wa roho. Mtu huyuhuyu aliyewachorea watoto ramani ya kijiji alikuwa pia na ramani ya makao ya ahera, aliyowaeleza washarika kwa uzito uleule. Aliingilia maisha yao hadi jikoni. Alianzisha mfuko wa kukopeshana, akawatafutia vijana mafundi wa kuwafundisha uashi, useremala na uhunzi, akapeleka wanawake wakasomee ukunga. Katika Januari na Februari 1778 alimpokea nyumbani kwake mshairi Jakob Michael Reinhold Lenz, akili imeanza kumtoka, akakaa naye karibu wiki tatu hadi aliposhindwa. Maelezo aliyoandika Oberlin juu ya mgonjwa huyo yalimfikia baadaye Georg Büchner, aliyekimbilia Strasbourg, akayatumia kuandika hadithi iliyochapishwa mwaka 1839 baada ya kifo chake. Ndiyo sababu wasomaji wa fasihi ya Kijerumani huijua Waldersbach hata kama hawajui iko wapi.

Narudi kwenye msitu na kwenye kazi, kwa sababu bila hivyo viwili elimu ingekuwa mlango wa kuhamia mjini tu. Mwaka 1771 Ban de la Roche ilinunuliwa na Jean de Dietrich, bwana wa viwanda vya chuma. Mwanawe, Frédéric de Dietrich, ndiye meya wa Strasbourg ambaye nyumbani kwake, mwezi Aprili 1792, uliimbwa kwa mara ya kwanza wimbo wa Rouget de Lisle ambao leo ni wimbo wa taifa wa Ufaransa. Meya huyo alikatwa kichwa mwishoni mwa 1793. Mapinduzi yalifuta haki za kibwana, lakini kesi ya misitu haikufutika nayo. Ilihitaji suluhu ya 1813, na Oberlin akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70 ndiye aliyewasihi wanavijiji wakubali kugawana kuliko kuendelea kulisha mawakili.

Miaka hiyohiyo alihamia Fouday mtengenezaji wa tepe za hariri kutoka Basel, Johann Lukas Legrand, aliyewahi kuongoza serikali ya Uswisi ya mwaka 1798. Badala ya kujenga kiwanda kimoja kikubwa na kuwakusanya watu chini ya king'ora, familia ya Legrand ilitawanya mitambo ya kusuka majumbani. Mkulima alisuka theluji ikiwa nje, akalima kiangazi. Mwanawe, Daniel Legrand, aliyefariki mwaka 1859, alikwenda mbali zaidi. Alitumia miaka mingi kuziandikia serikali za Ulaya akizitaka zikubaliane kwa pamoja sheria za kuwalinda wafanyakazi na kuzuia watoto wadogo wasifanyishwe kazi viwandani, kwa hoja kwamba nchi moja ikijizuia peke yake itashindwa kibiashara na jirani asiyejizuia. Alipuuzwa. Lakini Shirika la Kazi Duniani lilipoundwa mwaka 1919, hoja ilikuwa hiyohiyo, na wanahistoria wa shirika hilo humtaja Legrand pamoja na Robert Owen miongoni mwa waasisi wa wazo. Mfanyakazi wa kiwandani Dar es Salaam au Mombasa anayelindwa na mikataba ya shirika hilo ana uhusiano wa mbali na kibonde hiki.

Mipaka ilikuja kuvuruga kila kitu baadaye. Ajabu ni kwamba Mapinduzi yaliiondoa Ban de la Roche kutoka mkoa wa Bas-Rhin na kuitia katika mkoa wa Vosges, kwa hiyo kwa miongo mingi Waldersbach haikuwa Alsace kiutawala. Ujerumani iliposhinda vita vya 1870 hadi 1871, ilidai vijiji hivi vya bonde la Bruche pamoja na Alsace, na watu wa lugha ya Kifaransa wakaamka raia wa dola la Ujerumani. Mwaka 1918 wakarudi Ufaransa, safari hii wakibaki Bas-Rhin. Mwaka 1940 Ujerumani ya Hitler ikawachukua tena, ikapiga marufuku Kifaransa, na kuanzia Agosti 1942 vijana wa Alsace wapatao 100,000 wakalazimishwa kuvaa sare ya jeshi la Ujerumani. Maelfu kwa maelfu hawakurudi.

Na kwenye mlima wa upande wa pili wa Rothau, katika eneo la Natzwiller, Wanazi walifungua mwaka 1941 kambi ya mateso ya Struthof. Walipachagua kwa sababu ya mawe: itale nyekundu waliyoitaka kwa majengo yao ya fahari. Wafungwa walishushwa katika stesheni ya Rothau na kupandishwa mlimani. Kambi hiyo na matawi yake ilipitisha watu wapatao 52,000. Wanajeshi wa Marekani walipofika mwezi Novemba 1944 waliikuta tupu, wafungwa wamekwisha hamishiwa Ujerumani. Ni vigumu kwangu kuandika juu ya mawe ya bonde hili bila kutaja kwamba mawe hayohayo yaliwaua watu.

Tangu hapo habari za Waldersbach zinafanana na za vijiji vingi vya milimani Ulaya. Viwanda vya nguo vya bonde vilifungwa kimoja baada ya kingine. Vijana wakateremka. Mashamba madogo ya miteremkoni yaliachwa, na miti ya spruce ikapandwa au ikajiotea hadi kivuli kikawafikia watu madirishani. Baadhi ya jumuiya za bonde la Bruche zimekuwa zikifyeka sehemu za miti hiyo ili kurudisha malisho na mwanga. Mji wa Marekani uliopewa jina la Oberlin mwaka 1833, na chuo chake kilichoanza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1835, ni maarufu zaidi duniani kuliko kijiji chenyewe. Kaburi la mchungaji liko Fouday, na kwenye msalaba wa chuma wameandika "Papa Oberlin".

Jina hilo la Papa ni la upendo, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na vitabu. Katika vyuo vyetu vya ualimu wa chekechea, hapa Tanzania na hata Kenya, wanachuo husoma Fröbel, Montessori na wengine wa Ulaya, na ni vema wawasome. Ninawaomba wakufunzi waongeze kabla ya majina hayo mstari mmoja: Sara Banzet, binti wa mkulima, Ban de la Roche, 1769.